Nani Huandika Jina: Historia ya Kufafanua Makundi ya Rangi na Asili Nchini Marekani, 1662–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi makundi ya rangi na asili yalivyofafanuliwa nchini Marekani tangu sheria ya koloni la Virginia ya mwaka 1662 hadi marekebisho ya viwango vya takwimu vya mwaka 2024. Hoja ya msingi ni kwamba mipaka ya makundi hayo haikutokana na maumbile ya watu, bali ilichorwa na sheria, mahakama na makarani wa sensa kwa kufuata mambo matatu yaliyokuwa yakigawanywa: kazi, ardhi na kura. Aidha, makala yanaonyesha kuwa mabadiliko makubwa kuliko yote hayakuwa ya majina ya makundi, bali ya mwenye mamlaka ya kuyaandika. Sehemu ya mwisho inajadili ugumu unaowakabili wafasiri wa Kiswahili wanapoyahamishia majina hayo katika lugha iliyo na historia yake yenyewe ya kuwapanga watu.

1.0 Utangulizi

Marekani ilifanya sensa yake ya kwanza mwaka 1790, na tangu hapo haijapata kufanya sensa isiyouliza habari ya rangi kwa namna moja au nyingine. Hata hivyo, ni nadra orodha ya majibu kubaki ile ile kwa sensa mbili mfululizo. Mtu mmoja aliyeishi miaka mingi angeweza kuandikwa chotara katika sensa moja, mweusi katika nyingine, na pengine mweupe katika ya tatu, ilhali wazazi wake ni wale wale. Jambo hili peke yake latosha kumfanya mtafiti aulize: ikiwa mtu hakubadilika, kilichobadilika ni nini?

Jibu la haraka ni kusema kwamba makundi ya rangi ni mambo ya kubuniwa tu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mpaka wa wilaya nao umebuniwa, na bado huamua mtu atalipa kodi wapi na mtoto wake atasoma shule gani. Swali lenye manufaa zaidi kwa mwanahistoria na kwa mshauri wa sera ni nani aliyebuni, kwa kusudi gani, na nani aliyebeba gharama. Makala haya yanalifuata swali hilo katika nyanja nne: sheria za nasaba, mahakama za uraia, rejista za Wenyeji wa Asili, na sensa.

2.0 Tumbo la mama na sehemu za damu

Mwaka 1656, katika koloni la Virginia, Elizabeth Key alishinda kesi ya kudai uhuru wake. Mama yake alikuwa Mwafrika aliyetumikishwa. Baba yake alikuwa Mwingereza. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba, kwa desturi ya sheria ya Uingereza, mtoto hufuata hali ya baba. Miaka sita baadaye, mwaka 1662, baraza la kutunga sheria la Virginia liliufunga mlango huo kwa kuamuru kwamba mtoto afuate hali ya mama. Kuanzia hapo mwenye mashamba aliyezaa na mjakazi wake hakupata mrithi. Alipata mtumwa mwingine. Uzazi ukawa njia ya kuongeza mali.

Msomaji wa Kiswahili atautambua uzito wa uamuzi huo akiulinganisha na maana ya neno suria. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, chini ya sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake aliye muungwana alizaliwa muungwana. Majid na Barghash, wana wa Seyyid Said waliotawala Unguja baada yake, walizaliwa na masuria. Mwambao nao ulikuwa na utumwa na dhuluma zake. Lakini kanuni ya nasaba ilikuwa tofauti, na kwa hiyo mpaka kati ya makundi ulikaa mahali pengine. Tofauti hiyo ililetwa na kanuni ya urithi, wala si na damu.

Virginia haikuishia hapo. Mwaka 1705 sheria yake ilitamka kwamba mtoto, mjukuu na kitukuu wa mtu mweusi wahesabiwe kuwa chotara. Mwaka 1785 mpaka ulivutwa nyuma: aliyekuwa na robo moja au zaidi ya asili ya Kiafrika ndiye aliyeingia katika kundi hilo, yaani ulikoma kwa mjukuu. Mwaka 1910 ulisogezwa mbele kupita ule wa mwanzo, hadi sehemu moja ya kumi na sita, yaani kilembwe. Hatimaye, mwaka 1924, Sheria ya Uadilifu wa Rangi iliondoa kipimo chochote: mweupe alikuwa yule asiye na hata chembe ya asili nyingine. Msimamizi wa takwimu za uhai wa jimbo, Walter Plecker, alitumia ofisi yake kufuatilia vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa ili sheria hiyo ishike.

Hivyo basi, kitukuu wa Mwafrika alikuwa chotara Virginia mwaka 1780, hakuwa chotara mwaka 1790, na angekuwa mtu wa rangi tena mwaka 1911. Kipimo kililegea na kukaza kwa kadiri watunga sheria walivyoona hatari au manufaa. Hata sheria kali ya 1924 ilikuwa na upenyo: mtu mwenye sehemu isiyozidi moja ya kumi na sita ya asili ya Wenyeji, bila asili nyingine isiyokuwa nyeupe, aliruhusiwa kubaki mweupe. Sababu inafahamika. Familia kadhaa za hadhi Virginia zilijivunia kutokana na Pocahontas, na watunga sheria hawakutaka kuzivua weupe wao.

Katika ngazi ya taifa, kesi ya Plessy ya mwaka 1896 ilidhihirisha jinsi mpaka huo ulivyokuwa na nguvu bila kuonekana kwa macho. Homer Plessy wa New Orleans alikuwa na babu na mababu saba kati ya wanane walio weupe. Alipoketi katika behewa la weupe mwaka 1892, alikuwa ametumwa na kamati ya raia iliyotaka kuipinga sheria ya Louisiana ya kuwatenga abiria. Mahakama ya Juu iliihalalisha sheria hiyo, na ikayaachia majimbo kuamua nani ni mweusi. Kanuni ya kutenga ikawa ya nchi nzima. Ufafanuzi wa anayetengwa ukabaki wa kila jimbo. Kwa hiyo msafiri angeweza kubadilika rangi kisheria kwa kuvuka mpaka tu.

3.0 Mahakama na fumbo la mtu mweupe

Sheria ya uraia wa tajnisi ya mwaka 1790 iliwaruhusu wageni waombe uraia ikiwa ni watu weupe walio huru. Mwaka 1870, baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ruhusa hiyo ilipanuliwa kwa watu wa asili ya Afrika. Waliotoka Asia hawakutajwa. Sheria haikueleza mweupe ni nani, na kwa hiyo kazi hiyo iliwaangukia majaji.

Mwaka 1922 shauri la Takao Ozawa lilifika Mahakama ya Juu. Ozawa alizaliwa Japani, akaishi Marekani tangu 1894, akasoma Chuo Kikuu cha California, na nyumbani kwake kilizungumzwa Kiingereza. Alidai pia kwamba ngozi yake ni nyeupe kuliko ya Wazungu wengi. Mahakama ilimjibu kwamba rangi ya ngozi si kipimo. Mweupe ni mtu wa jamii ambayo wanasayansi wa wakati ule waliiita ya Kaukasi, na Mjapani hakuwamo.

Miezi mitatu baadaye, Februari 1923, akaja Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa Punjab aliyekuwa ametumikia jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Thind aliishika hoja ile ile ya Mahakama: wataalamu wa wakati huo waliwahesabu watu wa kaskazini mwa India kuwa wa jamii ya Kaukasi. Jaji George Sutherland, aliyeandika hukumu ya Ozawa, ndiye aliyeandika na ya Thind. Safari hii aliiweka sayansi kando, akasema kwamba mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida mtaani angemwita mweupe. Sayansi ilikuwa imetumika kumfungia Ozawa mlango. Ilipoelekea kumfungulia Thind, ilifukuzwa mahakamani.

Hukumu hiyo haikuwa ya maneno matupu. Baada yake serikali iliwavua uraia Wahindi kadhaa waliokuwa wameshaupata, na California ilikuwa na sheria zilizowanyima haki ya kumiliki mashamba wageni wasiostahili uraia. Wakati huo huo, Wasyria walikuwa wamekubaliwa kuwa weupe na mahakama ya rufaa mwaka 1915 katika shauri la George Dow. Kizuizi cha rangi katika uraia kiliondolewa kidogo kidogo: Wachina waliruhusiwa mwaka 1943, Wahindi na Wafilipino mwaka 1946, na mwaka 1952 sharti lenyewe likafutwa.

4.0 Damu inayoongeza na damu inayopunguza

Ulinganisho wenye kufundisha zaidi ni kati ya Wamarekani wenye asili ya Afrika na Wenyeji wa Asili. Kwa kundi la kwanza, tone moja la damu lilitosha kumwingiza mtu. Kwa kundi la pili, kila ndoa na mtu wa nje ilihesabiwa kuwa inapunguza, hadi mtu akatoka kabisa. Kama kungekuwa na kanuni moja ya kibayolojia, mielekeo hii miwili isingeweza kusimama pamoja.

Inaeleweka tu pale inapotazamwa kwa jicho la mali. Mtu mweusi alikuwa nguvukazi. Kadiri kundi lilivyopanuka ndivyo watumwa, na baadaye vibarua wasio na kura, walivyoongezeka. Mwenyeji alikuwa mdai wa ardhi kwa mikataba. Kadiri kundi lilivyosinyaa ndivyo madai yalivyopungua. Sheria ya Dawes ya mwaka 1887 ilivunja ardhi ya pamoja ya makabila na kuigawa vipande kwa watu binafsi, na iliyosalia ikafunguliwa kwa walowezi. Wenyeji walikuwa na ekari zipatazo milioni 138 mwaka huo. Kufikia 1934 walibakiwa na takriban milioni 48.

Rejista za Tume ya Dawes ziliacha jeraha jingine. Baadhi ya Wacherokee walikuwa wamemiliki watumwa weusi, na mkataba wa mwaka 1866 uliwapa walioachwa huru haki sawa na za Wacherokee wazawa. Wakati wa kuandikisha, makarani waliwapanga watu katika orodha mbalimbali: wa damu, wakiwa wameandikiwa kiwango chao, na walioachwa huru, ambao hawakuandikiwa damu yoyote ya Kicherokee hata walipokuwa nayo. Karne moja baadaye, mwaka 2007, wapiga kura wa Taifa la Cherokee waliamua kuwaondoa wazao wa orodha ya pili katika uraia wa taifa hilo. Mahakama ya shirikisho iliwarejeshea haki hiyo mwaka 2017, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Cherokee yenyewe iliagiza maneno ya sharti la damu yaondolewe katika katiba yao. Mtu alinyimwa uraia kwa sababu ya safu ambamo karani alikuwa ameliandika jina la bibi yake.

5.0 Kutoka jicho la karani hadi mkono wa mhesabiwa

Sensa ya 1790 ilikuwa na makundi machache: wanaume weupe walio huru, wanawake weupe walio huru, watu wengine walio huru, na watumwa. Mgawanyo huo ulifuata Katiba, iliyoagiza kila mtumwa ahesabiwe kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya Bunge. Sensa ya 1850 ilileta alama za mweusi na chotara. Kwa mweupe, karani aliagizwa aache nafasi wazi. Weupe haukuhitaji kuandikwa. Ulikuwa hali ya kawaida ambayo wengine walipimwa kwayo.

Mwaka 1890 jaribio la kupima lilifika ukingoni. Makarani walitakiwa kutofautisha mweusi, chotara, mwenye robo na mwenye thumuni, na hayo yote kwa kuangalia mlangoni. Ripoti ya sensa hiyo yenyewe ilikiri kuwa takwimu hizo zilikuwa na thamani ndogo. Chotara aliondolewa 1900, akarudishwa 1910 na 1920, kisha akafutwa. Maelekezo ya 1930 yalisema wazi kwamba mwenye mchanganyiko wa mweupe na mweusi aandikwe mweusi, hata kama sehemu ya damu nyeusi ni ndogo kiasi gani. Mwaka huo huo Wameksiko walifanywa kundi la rangi. Baada ya malalamiko ya serikali ya Meksiko na ya vyama vya Wamarekani wenye asili hiyo, kundi hilo liliondolewa mwaka 1940.

Badiliko lililofuata halikupigiwa tarumbeta, lakini ndilo kubwa kuliko yote. Kuanzia 1960 kwa sehemu, na 1970 kwa upana zaidi, dodoso lilipelekwa kwa posta na mwenye nyumba akalijaza mwenyewe. Jicho la karani liliondolewa. Wakati huo huo kusudi la kuhesabu liligeuka. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 zilihitaji takwimu za kuthibitisha ubaguzi katika ajira, shule na mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Orodha iliyotumika kutenga ikageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya kutenga. Mwaka 1967, katika shauri la Loving, Mahakama ya Juu ilibatilisha marufuku ya ndoa mseto iliyokuwa bado katika majimbo 16, na Sheria ya Virginia ya 1924 ikapoteza uti wake wa mgongo.

Mwaka 1977 Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ilitoa Mwongozo Namba 15, uliozitaka idara zote za shirikisho zitumie makundi manne ya rangi, pamoja na swali la pekee kuhusu asili ya nchi zinazosema Kihispania. Marekebisho ya 1997 yaliruhusu mtu kuchagua zaidi ya kundi moja. Katika sensa ya 2000, watu milioni 6.8, yaani asilimia 2.4, walifanya hivyo. Mwaka 2020 walikuwa milioni 33.8, yaani asilimia 10.2. Ofisi ya Sensa yenyewe ilieleza kuwa ongezeko hilo lilitokana kwa kiasi kikubwa na kuboreshwa kwa maswali na namna ya kuyachambua majibu. Mshauri wa sera hana budi kulizingatia onyo hilo: takwimu huweza kupaa bila watu kubadilika, kwa sababu tu swali limebadilika.

Machi 2024 swali la rangi na lile la asili ya Kihispania yaliunganishwa kuwa moja, na likaongezwa kundi la Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Wale ambao George Dow aliwapigania waingie katika weupe mwaka 1915 walipewa nafasi ya kutoka humo, baada ya wengi wao kudai kwamba weupe wa karatasi ulikuwa ukizificha shida zao.

6.0 Mzigo wa mfasiri wa Kiswahili

Katika sensa ya 2020, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 59 ambazo Ofisi ya Sensa ilizitolea miongozo ya kujaza dodoso. Huo ni ushahidi kwamba wasemaji wake, wakiwamo wakimbizi wengi kutoka Kongo, sasa ni sehemu ya umma unaohesabiwa. Lakini kila neno ambalo mfasiri analichagua lina mizigo yake.

Neno rangi huelekeza mawazo kwenye ngozi, ilhali Ozawa aliambiwa kwamba ngozi si kipimo. Mbari lina maana ya ukoo kwa wasemaji wengi. Kabila lina utata mwingine: katika sheria ya Marekani, kabila la Wenyeji ni dola yenye serikali yake, na mwaka 1974, katika shauri la Mancari, Mahakama ya Juu ilisema kuwa upendeleo waliopewa Wenyeji katika ajira ya idara inayowahudumia ulikuwa wa kisiasa, si wa rangi. Msemaji wa Bukavu au Kampala anayesoma kabila hafikirii dola. Mwasia, katika masikio ya Afrika Mashariki, ni Mhindi au Mpakistani. Katika dodoso la Marekani anaingia pia Mchina, Mjapani na Mfilipino. Mwarabu, aliyekuwa kundi la peke yake katika hesabu za kikoloni za Afrika Mashariki, alihesabiwa mweupe Marekani hadi mwongozo wa 2024 ulipotolewa.

Si suala la istilahi tu. Mkimbizi anayejaza fomu ya hospitali au ya shule anaweza kujiandika mahali pasipo pake, na jamii yake isionekane katika takwimu zinazogawa fedha za wakalimani na huduma. Aliyeondoka Kivu akijitambulisha kwa lugha, ukoo na mahali pa kuzaliwa hukuta sanduku moja linalomweka pamoja na mzawa wa Mississippi ambaye mababu zake walivuka bahari kwa minyororo karne tatu zilizopita. Nafasi ya kuandika asili kwa maneno, iliyowekwa chini ya sanduku hilo mwaka 2020, ndiyo inayomwezesha kutofautishwa. Asipoelezwa kwa lugha anayoielewa, huiacha wazi.

7.0 Hitimisho

Historia hii inatoa mafunzo matatu. Kwanza, kundi halieleweki bila kujua kinachogawanywa kwalo. Ndiyo maana damu iliongeza watu upande mmoja na kuwapunguza upande wa pili. Pili, rejista huishi kuliko sheria iliyoizaa. Louisiana ilikuwa bado inapima sehemu moja ya thelathini na mbili ya damu kwa sheria ya mwaka 1970, miaka mitatu baada ya hukumu ya Loving, na haikuifuta hadi 1983. Tatu, kufuta safu katika dodoso hakufuti madhara yaliyokwisha kutendeka. Kunaweza pia kumnyang'anya aliyedhulumiwa ushahidi wake.

Kwa hiyo, kwa mtunga sera anayetaka kuwahesabu watu kwa makundi, swali la kwanza lisiwe makundi yawe mangapi. Liwe ni nani atakayeandika, kwa lugha gani, na mhesabiwa atakuwa na haki gani ya kusahihisha. Wafasiri wa Kiswahili wanayo nafasi katika kulijibu. Inafaa vyama na mabaraza ya lugha ya kanda hii yaandae faharasa ya pamoja yenye maelezo ya kihistoria, ili msomaji asipewe neno tupu lililovuka bahari bila habari zake.